Maneno ya Mama Siku ya Gari

Mpaka leo nikisikia mtu akisema habari ya kweli inahitaji kunogeshwa kidogo, damu inanichemka. Najua hicho kidogo kinaishia wapi.

Miaka ya vijiji vya ujamaa nilikuwa nafundisha watu wazima kusoma kijijini kwetu, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Sumbawanga. Tukaitwa mjini, kwenye ukumbi mmoja wa Katandala, tufundishwe kuandika habari za kweli za maisha yetu ili ziwe masomo ya darasani. Mkufunzi alijua kufundisha, simnyimi haki yake. Alitueleza tofauti ya muhtasari na tukio: muhtasari unasema watu walihama, basi, tukio linamweka msomaji pale pale, aone nani ameshika nini na asikie nani amesema nini. Usiandike kwamba mtu alihuzunika, alisema, andika mikono yake ilifanya nini. Na ubunifu katika habari ya kweli, alisisitiza, uko katika kuchagua na kupanga, si katika kuzua. Nilimwamini kabisa.

Nikaandika siku mama yangu alipohamishwa. Masika ile alikuwa amefukia majani shamba zima kwa udongo, vilima vidogo vya mviringo ambavyo sisi Wafipa tunaviita ntumba. Majani yanaozea humo, na mvua za mwaka unaofuata zikianza unazitandaza ntumba, unapanda ulezi. Unatoka jasho msimu huu, unavuna msimu mwingine. Gari la kuhamisha watu lilikuja katikati, wakati wa kiangazi. Niliandika jinsi mama alivyokataa jembe lake lipakiwe pamoja na mizigo mingine, akapanda nalo mkononi, na maneno pekee aliyoyasema: "Nani atatandaza ntumba zangu?"

Vijitabu vilipoletwa nilifungua ukurasa wangu nikiwa bado nimesimama. Gari lipo. Jembe lipo. Lakini mama anapanda huku akiimba, anasema, "Asanteni kwa kutuletea maendeleo."

Siku hiyo hiyo nilikwenda mjini. Mkufunzi alinivutia kiti, akaniambia kwa upole, "Ndugu, huo ndio ubunifu." Nikamuuliza ni ubunifu gani, wakati yeye mwenyewe alitukataza kuzua. Akasema kitabu lazima kijenge taifa. Sikuwa napinga kuhama, nikamwambia. Kijiji kipya kina zahanati, na mama anaishukuru zahanati hiyo kila akienda. Siku ya gari hakushukuru. Kumtia mtu maneno mdomoni, tena mtu aliye hai, tena mama yangu mzazi, halafu kunipa mimi nikayafundishe! Nikatoka bila hata kuaga.

Baadaye akaja mwenyewe kukagua darasa langu. Somo tuliloangukia lilikuwa hilo hilo, na chini yake swali: Mama alisema nini gari lilipofika? Mama yangu alikuwa mmoja wa wanafunzi wangu, benchi la mbele. Alisoma polepole, kidole kikitembea chini ya kila neno, mpaka mwisho. Aliponyanyua uso aliniuliza kwa Kifipa huyu mama ni wa kijiji gani, mbona hakuwa na shamba. Nikamjibu kwa Kiswahili, wote wasikie, kwamba mama huyo ni yeye.

Akautazama tena ule ukurasa. Kisha akasimama kujibu swali, kama wanafunzi wote walivyozoea kufanya.

"Nilisema, nani atatandaza ntumba zangu?"

Mkufunzi alitikisa kichwa, akaniambia nimsahihishe, jibu liko kitabuni. Nikachukua chaki. Niliandika ubaoni maneno ya mama kama alivyoyasema, nikaweka alama ya vema mbele yake, nikawaambia darasa zima wanakili.