Iko Muzuri

Mimi ni fundi cherehani wa mtaa wa Biryogo, na umbea ni ugonjwa wangu, sikatai. Jirani yangu mpya, mama kijana aliyehamia kutoka Bukavu, alipopita mlangoni kwangu na mtoto mgongoni, macho yamemvimba kwa kukosa usingizi, niliacha gauni la mteja kwenye mashine nikamuuliza kulikoni.

Akanieleza yote. Mchana mtoto anacheza, usiku anakakamaa, macho yanageuka, povu linamtoka. Alitaka kwenda moja kwa moja hospitali ya Kibagabaga. Nikamwambia huku hatuendi hivyo: unaanza kituo cha afya, muuguzi akiona yamemzidi anakuandikia transferi, barua ya rufaa, ndipo hospitali wanakupokea. Nikafunga duka, nikampeleka.

Muuguzi akauliza mtoto anaendeleaje.

"Iko muzuri, Mungu asifiwe," akajibu.

Sikushangaa. Sote tunaanza na salama, hata nyumba ikiwaka moto, halafu ndiyo tunataja shida. Nikangoja shida. Haikuja. Muuguzi akauliza tena, jibu lilelile. Akampima mtoto, ambaye muda wote alikuwa akimchekea, akasema hana tatizo, akaita mwingine.

Nje nilichemka. Jamani, transferi ilikuwa pale pale mezani! Lakini udadisi ukaishinda hasira. Nikamkalisha kwenye benchi, nikamuuliza kwa nini mimi kaniambia na muuguzi kamficha.

Akaanza kumfunga mtoto kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

"Ule mutoto wa kwanza nilisemaka ku hospitali iko mugonjwa," akasema. "Sikurudiaka naye ku nyumba."

Aliamini kabisa kwamba ni ulimi wake uliomzika yule wa kwanza. Ningembishia nini?

"Basi usiseme wewe," nikamwambia. "Nitasema mimi. Mdomo wangu haujazika mtoto."

Tukarudi ndani. Nikamweleza muuguzi kila kitu, kukakamaa, macho, povu. Akaacha kalamu, akasikiliza, kisha akaandika transferi. Muda wote nilipokuwa nasema, mama yule alikuwa amemziba mtoto masikio kwa viganja vyote viwili.

Kibagabaga walimpa dawa, na usiku wao sasa ni wa kulala. Wakipita dukani namuuliza mtoto hajambo, naye ananijibu iko muzuri, Mungu asifiwe. Nami nanyanyuka kwenye mashine, nikamwangalie mtoto mwenyewe.