Bega la Verlyn na Timu ya Lundby

Mume wangu, Verlyn Haugdahl, alijifunza kurusha kwa kulipiga mawe ghala la nafaka la baba yake. Baba yake akitoka na mkanda, mtoto anakimbilia kwenye mahindi, na kesho yake bati lina tundu jipya. Mama yake ndiye aliyenisimulia hayo, akicheka mpaka machozi, siku ya kwanza nilipokula kwao. Mimi sikucheka sana. Nilikuwa nimeacha shule ili kumuuguza mama yangu, na mtu anayetoboa ghala la baba yake kwa ajili ya mchezo alinitia wasiwasi. Nikaolewa naye hata hivyo.

Shamba lao lilipotea kama yalivyopotea mengine mengi upande ule wa Minnesota, na Verlyn akaenda kiwanda cha bata mzinga. Kazi yake ilikuwa kuwakamata miguu ndege wazima na kuwatundika kichwa chini kwenye kulabu zinazopita juu yake. Zamu nzima mikono iko juu. Jioni akitoka hapo anakwenda uwanjani kurusha mpira kwa bega lile lile.

Hakuna aliyelipwa kuchezea Lundby. Walikuwa mafundi bomba, wakulima, watu wa kiwandani. Lakini mji wetu una kanisa, baa ya Merle Ostby na uwanja wa besiboli, basi, na mwanamume anayetaka kusalimiwa kwa jina lazima apite kwenye kimojawapo. Verlyn alichagua uwanja. Mimi nilifua jezi za timu nzima na kusimamia kibanda cha soseji kwa miaka yote ya ndoa yetu. Hakuna aliyeniuliza kama napenda besiboli.

Mpwa wangu Colby alikulia humo humo. Dada yangu alipofariki nilimchukua, akalala chumba cha juu, na Verlyn akamfundisha kudaka. Alipokuwa mtu mzima wakamfanya kocha, maana hakuna mwingine aliyetaka kupiga simu za kukumbusha watu mazoezi.

Kwetu kuna desturi moja. Mwezi wa nane timu inayoshinda kanda inakwenda mashindano ya jimbo, na inaruhusiwa kuchukua warushaji watatu kutoka timu ilizozitoa. Kwa hiyo kila mwaka Lundby ikitolewa, simu ya jikoni kwetu inalia: mji fulani unamtaka Verlyn. Anakwenda, anawarushia, wanashinda, anarudi na picha ya kombe la watu wengine. Lundby yenyewe haikuwahi kufika huko. Mwaka juzi ilikosa kwa pointi moja tu, mbele ya Prinsen, mji wa jirani.

Mwaka huo simu haikulia. Prinsen walichukua warushaji watatu, wote vijana. Verlyn alikaa karibu na simu, kofia kichwani.

"Pengine wamepoteza namba," akasema.

"Namba ni ile ile tangu tuoane. Kula, chakula kinapoa."

"Mimi nina miaka arobaini na minne, Arlys. Si sabini."

Nilijua jambo ambalo Prinsen walilihisi tu. Tangu katikati ya kiangazi nilikuwa namvalisha shati. Naingiza kwanza mkono wa kulia, polepole, kama unavyomvalisha mtoto mchanga, halafu naleta shati lote mgongoni. Hakuweza kuchana nywele kwa mkono ule. Daktari alimwambia nyuzi za bega zimechanika, na akiendelea kurusha mpira, siku moja mkono hautainuka tena. Verlyn alitoka pale akanunua dawa za maumivu, akaniambia nisimwambie mtu.

Nilipiga hesabu yangu mwenyewe. Mkono ule ndio uliotundika bata mzinga, na bata mzinga ndio waliotulisha.

Mwezi wa kumi kamati ya timu ilikutana chumba cha nyuma cha baa ya Merle, Jumapili baada ya ibada. Nilipeleka kahawa na keki kama kawaida, nikakaa karibu na mlango. Colby ndiye aliyeanza.

"Nitasema wazi. Tuna wachezaji saba waliopita miaka arobaini. Nataka mwakani waanze vijana. Tutafungwa, najua. Tutafungwa mwaka huo na unaofuata, na wa tatu tutakuwa na timu."

"Tufungwe makusudi?" akasema Merle, mwenyekiti. "Kijana, ulianguka kitandani leo?"

"Mzee Merle, vijana wanne wameshaniambia. Wasipopata nafasi wanakwenda Prinsen. Hao wazee wakiondoka kwa pamoja, utamvalisha nani jezi? Wewe?"

"Mimi hainienei," akasema Merle akijipapasa tumbo, nao wakacheka.

Gordy, mdakaji wetu, ambaye yeye mwenyewe alikuwa na magoti mabovu, akagonga meza. "Pointi moja, jamani. Moja! Timu imekosa kwa pointi moja, halafu huyu anataka kuivunja apande miche. Miche ya nini? Sisi tumekomaa, tuvunwe."

"Umekomaa mpaka umekauka, Gordy," akasema mtu.

"Kauka wewe na mkeo."

Ikawa vicheko, na nikaona mambo yanaelekea wapi. Wanaume wakishacheka pamoja hawataki tena habari mbaya. Colby naye aliliona hilo. Akamgeukia Verlyn, sauti ikashuka.

"Baba mdogo, wewe ndiye utakayesikilizwa. Waambie. Bega likoje?"

"Bega lipo."

"Lipo, lakini likoje?"

"Limeungana na shingo," akasema Verlyn, na chumba kikacheka tena.

Hapo ndipo niliposimama. Sikuwahi kusema neno katika vikao vile, na sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

"Bega lake limekwisha. Namvalisha shati kila asubuhi. Daktari amesema akirusha msimu mmoja zaidi mkono hautainuka, na akiacha sasa utapona kiasi cha kufanyia kazi. Mwacheni apumzike. Colby anasema kweli."

Verlyn hakunitazama. Alimtazama Merle, akatabasamu kile kitabasamu ambacho wanawake wa Lundby walikuwa wakiniambia nina bahati nacho.

"Arlys amechoka kufua jezi," akasema.

Walicheka mpaka wakashika meza. Gordy alifuta macho. "Shemeji, ungesema tu! Tutamtafutia mtu wa kufua. Huna haja ya kumuua mzee wa watu."

"Anamtaka nyumbani akapake rangi jiko," akasema Merle. "Namjua mke wangu, wote ni kiwanda kimoja."

"Nimesema alichosema daktari," nikasema.

"Daktari alicheza besiboli wapi?" akauliza Gordy.

Verlyn akasimama. "Maneno ya nini? Uwanja uko pale. Gordy, chukua glovu."

Tukatoka wote. Upepo ulikuwa wa baridi na mashamba yameshavunwa. Niliona Verlyn akipita nyuma ya gari letu, nikajua anameza dawa. Akapanda kile kilima kidogo cha mrushaji, akachimba udongo kwa kiatu, akaanza. Mipira ya kwanza ilikuwa ya hivi hivi. Halafu akaiachia. Ngozi ya glovu ya Gordy ililia uwanja mzima, tena na tena, na kila mpira ulipolia wale wanaume walitazamana kama watu waliorudishiwa kitu kilichoibiwa. Nitasema haki: sikuwahi kumwona akirusha vizuri namna ile. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga. Mimi peke yangu nilitazama uso.

"Bega limekwisha, eh?" Gordy akanipigia kelele, akipunga mkono uliokuwa umevimba.

Tukarudi ndani. Merle akasema wanaotaka timu ibaki kama ilivyo, ipiganie kombe mwaka mmoja zaidi, wainue mikono. Mikono karibu yote ikainuka; Verlyn akainua wa kushoto. Hakuna aliyeliona hilo isipokuwa mimi na Colby. Colby alinitazama, akafunga zipu ya koti lake, akatoka bila kunywa kahawa yake.

Nyumbani nilimkata shati kwa mkasi, maana halikuvulika.

"Umeniaibisha mbele ya watu," akasema.

"Nimejaribu kukuokoa."

"Kutoka kwa nani? Wale ni watu wangu."

Miezi miwili hakunisemesha isipokuwa kuomba chumvi na kuomba avalishwe.

Majira ya kuchipua Colby alihamia Prinsen na vijana wote wanne. Alikuja kunipa funguo za chumba cha juu. "Mama mdogo, wewe peke yako ulisema," akaniambia, na akalia kidogo mlangoni. Verlyn alikuwa sebuleni, hakutoka kumuaga.

Nyuzi za bega zilikatika mchezo wa pili wa msimu. Nilikuwa kibandani nageuza soseji. Sikusikia chochote, ila niliona watu wamesimama bila kupiga makofi. Verlyn alikuwa amepiga magoti kwenye kile kilima, mpira umebingirika karibu tu naye, na mkono wa kulia unaning'inia kama wa koti tupu. Mji wa hospitali uko mbali, nami nilimwendesha nikiwa bado na aproni. Walimpasua mara mbili. Mkono unainuka mpaka kifuani, basi.

Kiwandani walimpa ufagio, kisha wakasema mfagiaji hahitajiki. Nikaingia mimi. Natundika bata mzinga mahali pale pale aliposimama yeye, na jioni mabega yangu yanawaka moto.

Timu ilimaliza kiangazi ikiwa na watu wanane, na besiboli inataka tisa. Mchezo baada ya mchezo ulitolewa kwa wapinzani bila kuchezwa. Prinsen walikwenda mashindano ya jimbo, Colby akiwa mdakaji wao. Na hapo ndipo maneno yalipoanza. Kwanza kanisani, kisha dukani. Mke wa Merle ndiye aliyethubutu kuniambia usoni: "Wewe ndiye uliyelala naye kitanda kimoja, Arlys. Ulijua. Mngetuambia mapema tungejenga timu nyingine."

"Niliwaambia. Mumeo alicheka."

"Ah, ulisema kama mtu anayetania."

Mwezi wa kumi kamati ilikutana tena, kuamua kama Lundby itakuwa na timu. Nilimvalisha Verlyn shati la kanisani, nikafunga vifungo, nikamwendesha mpaka baa ya Merle. Safari hii sikuchukua kahawa wala keki. Nilibaki ndani ya gari, na kupitia dirisha niliona vichwa vimeinama, hakuna aliyecheka. Haikuchukua muda. Verlyn alitoka wa kwanza, akahangaika na kitasa cha mlango wa gari kwa mkono wa kushoto mpaka nikamfungulia kutoka ndani.

"Wamekubaliana nini?"

"Hakuna timu. Uwanja utalimwa soya."

Akakaa akitazama mbele. Kisha akasema, bila hasira yoyote, kama mtu anayefikisha salamu alizotumwa:

"Wanasema ungesisitiza zaidi."

Nikamfunga mkanda wa kiti, maana mwenyewe hawezi kuufikia, nikawasha gari.