Turbo Mbili za Mlima wa Wamaza

Siku walipomzika Feza, mume wake Kasimu alitoka makaburini, akawapita watu waliokaa kwenye kilio, akaenda moja kwa moja garaji na kuanza kufungua moteri ya kamyo.

Kanzu ya mazishi bado mwilini.

Kasongo nzima ikasema: huyu sasa kichwa kimeruka.

Hakulia. Mtu akimpa pole anajibu asante, kama aliyesogezewa chumvi mezani, kisha anarudi kwenye spana zake. Hakuna kilichomuuma. Chakula kilipita mdomoni bila ladha. Watu walikuwa wanaongea, yeye anaona midomo tu inacheza.

Ngoja niwaeleze Feza alivyokufa, ndipo mtaelewa.

Alikuwa Wamaza kwa mama yake, Benita, tumbo likamshika vibaya. Kasimu akaazima jeep, wakamlaza nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mama yake, safari ya hospitali Kasongo ikaanza. Mvua ilikuwa imenyesha.

Kwenye mlima mrefu wakakuta kamyo ya mchele imekingama njia, matairi yamezama. Upande mmoja korongo, upande mwingine ukuta wa udongo. Hata mbuzi angefikiri mara mbili.

Kamyo nyingine ikaja kuivuta kwa kable. Kasimu ni fundi, aliisikia tu ile moteri akajua. Ilikuwa na turbo moja, ile pampu ya kuishindilia moteri hewa, kubwa, ya kuamka moteri ikishashika mbio. Na kwenye matope, mbio utazitoa wapi? Ikatapika moshi mweusi, ikakohoa, ikazima. Wakarudia. Ikazima tena.

Watu wakakata miti watengeneze tipoyi, wambebe mgonjwa mabegani.

Tipoyi ilipokuwa tayari, Feza alikuwa amekata roho.

Ndiyo maana ya garaji.

Kasimu alikuwa na kamyo yake kuukuu. Akaamua kuifunga turbo mbili zinazofuatana. Ndogo inakaa karibu na moteri. Moshi kidogo tu unaizungusha, inaamka mapema, kamyo inapata nguvu hata ikitambaa. Moshi uleule ukitoka pale unakwenda kuzungusha kubwa. Kubwa nayo inavuta hewa ya nje, inaishindilia, inampa mdogo wake aishindilie tena ndani ya moteri.

Kazi ya kukata bomba na kuchomelea, siku nenda siku rudi.

Mama Benita akaja Kasongo kumwona. Alimkuta chini ya kamyo, akamwekea sahani ya bugali na sombe juu ya pipa.

"Mukwe wangu, unatengeneza nini?"

"Kamyo ya kuvuta wenzake, mama."

"Itamurudisha Feza?"

"Hapana, mama."

Akakaa juu ya tairi mpaka Kasimu akamaliza kula. Kisha akachukua sahani, akaenda zake.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu tupu. Walikuwa wanavuta kamyo ya mbao karibu na Lusangi, Kasimu akafungulia mazutu, yale mafuta ya dizeli, kupita kiasi. Moshi ukazidi, turbo zikashindilia hewa kupita kiasi, kifuniko cha moteri kikanyanyuka, joint ya kukizibia ikapasuka, maji yakatoka yakichemka. Blaise, mwenzake wa garaji, alitukana mpaka akaishiwa na maneno. Kasimu aliuangalia ule mvuke kama mvuke wa chai ya jirani.

Wakairudisha. Akakaza kifuniko kwa bulo, zile skrubu nene, ngumu zaidi. Akapunguza mazutu. Akaipa turbo ndogo tundu la kupitishia moshi uliozidi, isisongwe. Akaongeza rediateri ya kupoza hewa.

Basi, mvua zilipoanza tena, akapigiwa simu. Kamyo imekwama mlima wa Wamaza, watu wamepanga foleni.

Dereva wa hiyo kamyo iliyokwama aliitwa Michel, mtu mzima, mvi kidevuni. Walipokuwa wanafunga kable, yule mzee akaanza kusema, unajua mtu aliyechoka anavyoongea ovyo. Akasema mlima huu unamchukia.

"Mwaka jana nilikwama hapahapa. Mutu wa moto, juu ya pikipiki yake, alikuja mbele akaniambia, kuna mama mugonjwa anakuja, mumupishe. Nikasogea pembeni ili wapite. Udongo ukakatika. Kamyo ikageuka, ikafunga njia yote. Nikaenda kwa miguu kutafuta kamyo ya kunivuta, nikaituma mbele; niliporudi watu walikuwa wameshaondoka."

Kasimu aliendelea kukaza kable.

"Mupaka leo sijui kama yule mama alipona. Wewe ulisikia?"

Kasimu akafunga fundo la mwisho. Akapanda kamyo yake.

Kwa maana yule mtu wa moto alitumwa na Kasimu mwenyewe. Ni yeye aliyemsimamisha pale Wamaza, akamwomba atangulie na pikipiki, kila gari atakalokutana nalo aliombe njia.

Akatia gia ya chini, akakanyaga taratibu. Turbo ndogo ikapiga mluzi mapema, kamyo ikiwa bado inatambaa. Kable ikanyooka. Matairi yakauma. Kisha kubwa ikaingia kwa sauti nzito, na kamyo ya Michel ikang'oka kwenye matope, ikapanda mpaka juu bila kusimama.

Watu wakashangilia. Kasimu akangoja asikie kitu moyoni. Hakuna.

Akashuka, akamfuata Michel.

"Yule mama alikufa," akasema. "Alikuwa bibi yangu. Na yule mutu wa moto, mimi ndiye nilimutuma."

Michel akakaa chini, kwenye matope.

"Nilipisha, ndugu yangu. Nilipisha."

"Najua, mzee. Ulipisha."

Hakumpiga, hakumkumbatia. Alitaka kuondoka, lakini usukani haukushikika. Tangu mazishi hakuwahi kulitamka neno hilo, bibi yangu, mke wangu. Michel akaona hawezi kuendesha, akapanda kamyo ya Kasimu, akaiendesha yeye, Kasimu akimwelekeza, mpaka Wamaza, mlangoni kwa Mama Benita. Michel akaingia naye, akamweleza mama kwa mdomo wake mwenyewe jinsi alivyopisha mwaka ule, kamyo yake ikafunga njia.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwekea Michel kiti.

Kasimu akaegemea ukuta, akalia. Sauti ilitoka vibaya, kama ya mtu asiyejua kulia.

Wapendwa, mimi nawaachia hili tu. Ukikuta mtu amekufungia njia, uliza kwanza. Wengine walizama kwa sababu walikuwa wanakupisha.