Vyungu Kwenye Mvua ya Kwanza

Siku moja hunirudia yote, mwanangu, kila mvua ya kwanza inapoanza kupiga paa. Ni zamani, Mjerumani akiwa bado mwenye nchi. Mimi nilikuwa kijana wa miguu myepesi. Shule ya misheni kule Ipyana niliiacha mapema, si kwa kuchukia kujua, bali kwa sababu mwalimu alitusimulia nchi ambazo yeye mwenyewe hajazikanyaga. Mimi nikataka kuzikanyaga. Nikafuata kazi ya kujenga reli hadi Ugogo, nikakaa huko, na niliporudi nyumbani nilirudi na mke.

Jina lake Nyemo. Mama yangu, mfinyanzi wa huku ufukoni kwa Wakisi, alimpokea kwa mikono miwili.

Nikueleze kwanza hizo nchi mbili, maana ndizo zilizotuletea shida. Kwetu, milima ya Ukinga imesimama nyuma ya nyumba hata jua la asubuhi hutufikia likiwa limechelewa. Mbele ni ziwa. Katikati tuna kipande chembamba cha ardhi yenye mawe, ndiyo maana chakula chetu hutoka kwenye vyungu: wanawake hufinyanga, mitumbwi huvipeleka bondeni, nasi hurudi na mpunga na ndizi. Na mvua ikishaanza, hukaa kama mgeni asiyejua kuaga.

Ugogo ni tambarare. Unatembea tangu alfajiri, na kilima ulichokilenga bado kiko palepale. Ardhi ni nyekundu, miti ina miiba, upepo umejaa vumbi. Nyumba zao ni tembe, zenye paa bapa la udongo, jambo ambalo huku kwetu lisingemaliza wiki. Mito yao wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu. Maji yamo chini yake. Wanawake huchimba hadi shimo linawafika kiunoni, kisha hukaa na vibuyu vyao wakisubiri yajikusanye.

Basi mimi, kila jioni, nilikuwa nikizishindanisha nchi hizo mbele ya mke wangu, vijana wenzangu wakisikiliza.

"Kwao mtu hunawa uso kwa mate," nilisema.

"Shemeji, kweli?" wakamuuliza. "Sasa hapa umeoga mara ngapi leo?"

Nyemo alicheka nao, kidogo tu, macho yake yakiwa ziwani.

Kiangazi kilipokaza, maji yalirudi nyuma kama kila mwaka, mchanga ukapanuka na mawe yakaanza kutokeza. Akaniuliza, "Mume wangu, na ziwa hili nalo litaisha lini?"

Nikadhani anatania. "Tutakapomaliza kulinywa," nikajibu, nikaenda zangu.

Mvua ya kwanza ilishuka alasiri, mimi na mama tukiwa tumekwenda kutafuta kuni za kuchomea vyungu. Mama alikuwa amefinyanga vingi kuliko kawaida, vimepangwa barazani vikikauka, kwa kuwa safari ya bondeni ilikaribia na ndani chakula kilikuwa kinaelekea kwisha. Tulirudi tumelowa. Tukamkuta Nyemo amesimama uani katikati ya mvua, anacheka kwa furaha kama mtoto, na vyungu vyote vimemzunguka. Vilivyochomwa vilikuwa vimejaa maji. Vile vibichi vilikuwa vinakaa chini polepole, kama watu waliochoka.

Alikuwa amelelewa kwenye vibuyu, mwanangu. Kwao mvua ikianguka, kila chombo chenye mdomo hutolewa nje.

"Wewe mwanamke!" nikapiga kelele. "Nimekutoa kwenye vumbi uje utuue kwa njaa? Nani anatega mvua mbele ya ziwa?"

Majirani wakachungulia. Mmoja akapaza sauti, "Njooni muone, Mgogo katega mvua!" Kicheko kikaenda nyumba hadi nyumba.

Nyemo aliangalia udongo miguuni pake, akaelewa. Akaingia ndani, akatoka na nguo zake amezifunga.

"Nakwenda kwetu," alisema. "Kule mvua ikinyesha najua la kufanya."

Alimaanisha. Alikuwa amekwisha kuvuka ua. Mama akatua kuni zake, akamfuata, akamshika mkono.

"Mwanangu, maji haya ulikuwa unamwekea nani?"

"Nyinyi. Ziwa linaondoka, mama. Naliangalia kila siku. Kwetu bwawa likianza kuacha mawe hivi, muda si mrefu tunahama."

Mama akanigeukia. "Wewe msafiri. Umekaa naye kiangazi chote, hukumwambia kwamba ziwa hili hurudi?"

Nami nikatua kuni zangu.

"Na wewe ulipofika kwao, walikupa maji?"

"Walinipa kibuyu ninywe. Nikanywa, yaliyobaki nikajimwagia miguuni."

"Wakasemaje?"

Nyemo ndiye aliyejibu, sauti ikiwa chini. "Baba alisema, huyu ametoka mbali. Nikaenda kuchimba mengine."

"Kuna aliyecheka?"

"Hakuna," nikasema.

"Basi umetembea nchi yote ile," mama akaniambia taratibu, "ukarudi na miguu tu."

Kisha akapiga magoti kwenye tope. "Njoo, binti yangu. Chungu kibichi kikilowa hakijafa, kimerudi kuwa udongo. Tuukusanye kabla haujaondoka na maji."

Nyemo aliutazama udongo ule ukianza kuchukuliwa na maji. Halafu akaweka mzigo wake chini, akapiga magoti karibu naye. Mimi nikaleta ungo na majani mapana ya kuuwekea udongo, bila kutumwa. Msimu ule tulikula muhogo na vile visamaki vyetu, usipa, na safari ya bondeni ilichelewa sana. Lakini Nyemo alibaki, tukazeeka pamoja.

Utakwenda mbali kuliko nilivyokwenda, mwanangu, naona miguu yako. Ukifika nchi ya watu, usiulize kama ni nzuri kuliko yenu. Uliza mvua yao huja lini, maji wanayatoa wapi, na kiangazi kikikaza wanaogopa nini. Ukimleta mtu wa mbali nyumbani kwako, mweleze nchi yako kabla haijamtisha. Na akikosea, tafuta kwanza alikuwa anataka kumfanyia nani wema.

Nenda salama. Mungu akulindie njia zako, akujalie wenyeji wenye subira, na wewe akufanye mwenyeji wa namna hiyo. Ndaga, ndivyo tusemavyo huku, mwanangu, asante kwa kunisikiliza.