Kabini Moja na Mkwe

Wanawake waliozalishwa na Bupe pale Temeke hawana idadi, na kila mmoja anaikumbuka sauti yake. Hakuwa mkunga wa kubembeleza. Alikuwa akiingia wodini, anavaa glovu, anasema, "Haya mama, tufanye kilichotuleta," na mtoto anatoka, utadhani naye kasikia. Waume waliokuja juu mlangoni aliwarudisha nyuma kwa jicho tu. Siku moja daktari mgeni alimwuliza kama kuna kitu anachokiogopa hapa duniani, akajibu hakuna. Alisema kweli, kwa sababu wakati huo alikuwa hajapata mkwe.

Mkwe mwenyewe, Didas, hawezi kutisha hata kifaranga. Ni karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, mpole, kitambi kimeanza kumtangulia, anampenda mke wake Gladness, binti pekee wa Bupe, na watoto wao watatu. Bupe alimpenda tangu siku ya posa, na ndiyo maana alianza kumkwepa siku hiyohiyo. Kwao Rungwe, mama yake alipokuwa akikutana na baba mkwe njiani, alikuwa anatumbukia migombani mpaka mzee apite. Mjini hakuna migomba ya kutumbukia, lakini Bupe alilelewa hivyo, kwamba mkwe unamheshimu kwa kumpisha. Basi akienda kuwatembelea Madale, hakalii kiti alichoinukia Didas, ujia wa kwenda vyumbani haukanyagi, na haja zake anamalizia choo cha nje. Kanga zake anaanika nyuma ya tenki la maji, zisionekane.

Kuzungumza ndiyo usiseme. Salamu wanapeana, shikamoo mama, marahaba baba, wanaishia hapo. Yaliyobaki yote yanapitia kwa Marietha, mjukuu wa kwanza, ambaye tangu alipojua kusema amekuwa mkalimani wa watu wawili wanaozungumza Kiswahili kimoja.

"Marietha, mwulize baba kama amekula."

"Marietha, mwambie bibi nimeshiba, nashukuru."

Hayo yanasemwa sebule moja, kochi linatazamana na kochi, na sinia la chai liko katikati. Miaka yote wameishi hivyo kwa amani na mapenzi, na hakuna aliyeona kuna ubaya.

Ubaya ulikuja na habari njema. Gladness alipiga simu jioni moja anahema.

"Mama! Baba Marietha kapewa zawadi kazini. Safari ya meli! Si boti hizi za Unguja, ni ile meli kubwa ya kitalii. Dar, Unguja, Pemba, Mombasa, halafu kurudi. Kula humo, kulala humo. Na wewe umo, mama!"

"Mie?"

"Watu sita, familia nzima. Sasa wanatuambia tuchague. Ama kabini moja kubwa ya familia, ina balkoni yake juu ya bahari, ama kabini mbili ndogo za ndani, hazina dirisha. Tunachukua ya balkoni. Jumatatu tunawajibu."

Bupe ilibidi akae chini. Katika wodi ile, miaka yote ya kazi, alikuwa akisikia honi za meli kutoka bandarini huku mikono yake ina kazi nyingine. Meli zinakuja, zinaondoka, yeye yuko palepale. Kitu alichokitamani kuliko vyote, na alichomwambia Gladness tangu akiwa mdogo, ni kuutazama mji wa Dar es Salaam kutoka majini, aone wanachokiona wanaoondoka. Aliondoa miwani akafuta macho, kwa furaha.

Kisha ikaingia picha ya kabini kwenye simu.

Bupe aliitazama, akaisogeza karibu, halafu akaisogeza mbali. Akavuta kanga yake, akavuka uani kwenda kwa jirani yake Hamisa, mwenyeji wa Temeke tangu enzi za babu yake, mwanamke ambaye ulimi wake haujawahi kwenda likizo.

"Mashallah," alisema Hamisa. "Hiki kitanda kikubwa cha wenyewe. Hivi vya kupandana vya watoto. Hili kochi linakunjuliwa, ndipo utakapolala wewe. Na hiki kioo cha nini?"

"Choo."

"Choo cha kioo?"

"Kina ukungu."

"Ukungu wa kuficha sura, au unaficha na sauti?"

"Ndiyo hapo sasa!" Bupe alishika kichwa. "Choo kimoja, Hamisa. Mie na mkwe wangu! Nikitaka kwenda msalani nampita amelala."

"Na bukta yake."

"Hamisa!"

"Nasema tu. Wanaume wanalalaga na bukta. Au Didas wenu analala na suti?"

Bupe alifumba macho, lakini bukta ilikuwa imeshaingia kichwani na haikutaka kutoka.

"Si umesema kuna na vyumba viwili vya ndani? Mwambie bintiyo wachukue hivyo," alisema Hamisa, safari hii bila mzaha.

"Nitamwambiaje? Balkoni anaichukua kwa ajili yangu. Halafu nimwambie namkimbia mumewe? Atadhani nina neno naye."

"Mficha uchi hazai, bibi wee."

"Hiyo nimewaambia wazazi mpaka nikastaafu."

"Basi leo jiambie mwenyewe."

Bupe alijiambia, lakini hakujisikiliza. Mpaka Jumapili inafika alikuwa ameshaamua. Heshima ni heshima, na meli zitaendelea kupiga honi hata asipokuwemo. Uamuzi huo ulimuuma kama jino.

Alipofika Madale baada ya ibada, watoto walikuwa wameshagawana vitanda. Wale wavulana wawili walikuwa wakigombea cha juu, na Marietha ameshatangaza kwamba balkoni ni ya kwake na bibi. Walikula ndizi kwa nyama, wakashiba, na Bupe akaona ndio wakati.

"Marietha," alisema, "mwambie baba, bibi anashukuru sana, lakini haendi. Bahari inamchafua tumbo."

Gladness aliweka bilauri chini. "Mama, wewe? Si juzi tu tumepanda pantoni ya Kigamboni, mawimbi yanatupa watu, wewe unakula karanga?"

"Karanga ndizo zilizolichafua."

Kabla Gladness hajajibu, Didas alikohoa. Alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu kwa makini sana.

"Marietha, mwambie bibi yeye aende tu. Mie ndiye siendi. Kuna kontena limekwama."

"Kontena gani?" Gladness alimgeukia. "Si umeshaomba likizo?"

"Limekwama leo."

"Jumapili?"

Gladness alimtazama mumewe, akamtazama mama yake, na hasira ikampanda. "Basi safari ya nani sasa? Mie na watoto twende tukakae balkoni tupungie mikono mizigo? Mama, nimekuombea siku hii! Na wewe Baba Marietha, kontena!" Sauti ilimkatika. Akatoka nje kwenda kuanua nguo, na pale zilipoanikwa zikasikika zikivutwa kwa nguvu zisizostahili.

"Marietha," alianza Bupe, "mwambie baba..."

"Bibi, mie nimechoka," alisema Marietha. "Tangu asubuhi mwambie, mwulize, mwambie. Semeni wenyewe." Akawashika wadogo zake mikono, wakatoka.

Sebuleni wakabaki wawili. Haijawahi kutokea. Bupe alitazama pazia, Didas akatazama kalenda ya kanisa. Kuinuka na kutoka kungekuwa kumkimbia mwenzio waziwazi, na kukaa kimya kulikuwa kubaya zaidi. Mwishowe Bupe akainua macho kwenye feni iliyokuwa ikizunguka darini.

"Feni," alisema kwa heshima, "mwulize Baba Marietha hilo kontena lina nini ndani."

Didas alimeza mate. Akainua macho naye. "Feni, mwambie mama hakuna kontena."

"Feni, mwambie na tumbo langu ni zima."

Feni ilizunguka. Bupe alisikia kicheko kikimpanda, akakibana.

"Feni, mwulize, kama kontena hakuna, mbona haendi?"

"Feni, mwambie mama..." Didas alijifuta uso kwa kiganja. "Mwambie nakoroma. Sikoromi kidogo. Mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, hata yeye alikuwa ananihamishia stoo. Sasa nitalalaje chumba kimoja na mama mkwe? Bora nibaki, yeye aende akafurahi. Na kile choo..."

Hakukimalizia choo. Hakikuhitaji kumaliziwa. Bupe alielewa mara moja kwamba mtu huyu naye alikuwa ameitazama picha ileile, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Wiki nzima kila mmoja alikuwa anampisha mwenziwe, mpaka mlango umebaki wazi na hakuna anayepita.

Hapo umeme ukakatika. Feni ilipunguza mwendo, ikajikokota, ikasimama. Nyumba nzima ikawa kimya, na katikati yao hapakuwa na wa kutumwa.

"Mama," alisema Didas.

"Abee, baba."

Jibu lilimtoka kabla hajalizuia. Didas naye alishtuka, lakini alikuwa ameshaanza, akaona aende mpaka mwisho.

"Kazini walitaka kunipa friji. Mie ndiye niliyeomba meli. Gladi aliniambia tangu zamani, kabla sijaja kuposa, kwamba mama yake anatamani kuuona mji kutoka baharini. Nikasema nikipata siku moja, nitampeleka. Sasa usipokwenda, mama, mie ile meli sina kazi nayo."

Bupe alikuwa amesikia wanaume wengi wakisema mengi nje ya mlango wa wodi, wanaoahidi na wanaolia. Hakukumbuka hata mmoja aliyemwahidi yeye kitu, akaiweka ahadi hiyo miaka yote bila kuitamka. Alimpenda kijana huyu, na ilikuwa aibu kwamba hajawahi kumwambia hata neno moja lisilopitia kwa mtoto.

"Chukua zile mbili za ndani," alisema, akimtazama usoni. "Wewe na wavulana kwenu, sisi wanawake kwetu. Kila kabini na choo chake."

"Hazina dirisha, mama. Mji utauonaje?"

"Kwani meli haina nje? Nitapanda juu, nisimame na watu wote. Mie si wa kulala wakati mji uko mbele yangu."

"Na mie nisimame wapi?"

Lilikuwa swali la kweli. Alitaka kujua ni umbali gani utakaokuwa wa heshima.

"Pembeni yangu," alisema Bupe. "Wewe ndiye wa bandarini. Nani mwingine ataniambia kipi ni kipi?"

Gladness aliporudi na beseni la nguo, macho bado mekundu, alimkuta mumewe anaandika kwenye simu kwa kidole kimoja.

"Unamwandikia nani?"

"Watu wa meli. Tunachukua mbili za ndani. Mama ndivyo anavyotaka."

"Nani kakuambia?"

"Yeye mwenyewe."

"Kwa kupitia nani? Marietha yuko nje na wenziwe."

"Kwa kupitia mdomo wake," alisema Didas.

Gladness alimtazama mama yake. Bupe alikuwa anakunja kitambaa cha meza ambacho hakikuhitaji kukunjwa, na hakukanusha. Beseni lilimponyoka, nguo safi zikamwagika sakafuni, naye akakaa palepale katikati yake akilia na kucheka kwa pamoja, mpaka watoto wakaja mbio kuuliza nani kafanya nini.

"Hakuna aliyefanya kitu," alisema Bupe. "Baba Marietha, hebu nisaidie kuokota hizi nguo."