Taa ya Darini kwa Mama Hoza

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa waya hata mmoja. Bwana Mkaguzi, mkuu wetu wa mafundi umeme pale Lushoto, alinipandisha kwenye dari ya nyumba ya zamani ya walowezi iliyogeuzwa makazi ya walimu, akafunga kifuniko cha dari. Kisha akauliza kutoka chini:

"Binti, unaona nini?"

"Sioni kitu, Mzee."

"Basi hapo ndipo sheria zetu zinapoanzia."

Niliposhuka alinifafanulia. Swichi ya taa ya darini hukaa chini, karibu na ngazi, ili mtu apande akiwa anaona. Nyaya hupita ndani ya bomba lililofungwa kwenye kenchi, yaani mbao zinazobeba paa. Balbu hufunikwa kwa kioo na kuwekwa mbali na chochote kinachoshika moto. Kwetu Usambara hilo si jambo dogo, maana darini ndiko tunakotunza mahindi.

Miaka ile ya Ujamaa, nguzo za umeme zilipofika kijiji kimoja juu ya Soni, tulitumwa kukagua nyumba kabla hazijawashiwa umeme. Ya mwisho ilikuwa ya Mama Hoza, mjane, mkulima wa maharage. Nyaya zilikuwa zimewekwa na fundi wa kijijini. Bwana Mkaguzi siku hiyo alikuwa akiumwa magoti. Alikagua vyumba, akapima, akatia saini fomu ya ukaguzi. Nje, Mwenyekiti wa kijiji alishakusanya watu na kwaya ilikuwa imejipanga.

Mimi nilipanda darini kwa mazoea tu. Niliwasha tochi. Waya ulilala wazi katikati ya mahindi, panya wameutafuna hadi shaba inang'aa. Balbu ilining'inia karibu kugusa maganda makavu.

Nilishuka, nikamnong'oneza mkubwa wangu. Alivua koti, akapanda taratibu huku akiugulia. Aliposhuka aliomba ile karatasi, akaikata saini yake kwa mstari, akatoka barazani.

"Ndugu zangu, leo nyumba hii haiwashiwi umeme. Nilisaini bila kupanda juu. Kosa ni langu, si la mama huyu."

Mwenyekiti alihamaki. "Watu wameacha mashamba yao waje kuona taa! Unatuaibisha, Mzee."

"Aibu ni yangu, Mwenyekiti. Moto ungekuwa wa mama huyu."

Nilikuwa nimezoea wakubwa wanaotafuta wa kumtupia lawama. Sikujua kwamba mtu anaweza kujishusha mbele ya kijiji kizima, na watu wakampisha njia kwa heshima kuliko walivyompokea.

Tulihamisha mahindi, tukang'oa nyaya zote, tukafunga bomba, swichi na kioo cha balbu. Kazi ilituchukua siku tatu. Siku ya nne, mchana, Mama Hoza alibonyeza swichi, akapanda. Alikawia sana, nikamfuata.

Nilimkuta amesimama katikati ya dari, viganja vyote viwili juu ya boriti. Marehemu mumewe, seremala, ndiye aliyelijenga paa lile. Miaka yote tangu afariki, mama alikuwa akipanda gizani kwa kupapasa, akihofia koroboi itachoma chakula chake.

"Shikamoo, mama. Kuna tatizo?"

"Marahaba, mwanangu. Hebu tazama alivyoziunganisha mbao hizi," alisema polepole. "Hakuna hata msumari. Nimelala chini ya kazi hii miaka yote, wala sikuijua."

Baadaye nilihamishiwa Muheza, nikawa mkaguzi, na sasa nimestaafu. Nimewashia umeme viwanda na hospitali. Vijana huniuliza kwa nini tulikuwa wakali hivyo juu ya taa moja, mahali asipokaa mtu. Huwaeleza habari za moto, nao huelewa. Lakini yale niliyoyaona mchana ule, fomu ya ukaguzi haina nafasi ya kuyaandika. Siku ile nilishuka ngazi polepole, nikamwacha Mama Hoza na mumewe.