Gunia la Mama Kapinga

Kisiwa kile kilinuka mikaratusi. Ukishuka kwenye kivuko asubuhi, majani yana umande, harufu inakupanda puani mpaka machozi yanatoka. Kilikuwa kisiwa cha wakubwa wa kampuni ya migodi ya shaba, kwenye ziwa la Lufira, juu ya bwawa la Mwadingusha: nyumba nyeupe ndani ya miti, kila moja na ngazi yake ya kushukia majini, na kizuizi pale kivukoni ili mgeni asipite. Sisi watoto wa wafanyakazi tulikaa vyumba vya nyuma. Baba yangu, Kabwe, alitutoa Shituru, kwenye kiwanda cha kampuni, akaja kuvuta kivuko kwa kamba ya chuma. Nilikuwa msichana mdogo, na shule ilikuwa imekufa, maana walimu hawakulipwa tena.

Ndiyo miaka ile wakubwa walikimbia vurugu za nchi. Walituachia funguo, wakasema watarudi. Halafu nyaya za shaba, mukuba kama tunavyosema kwetu, zikaanza kutoweka ndani ya kuta, leo nyumba hii, kesho ile. Mulenga, mkubwa wa walinzi, akaamuru kila kikapu kifunguliwe kabla ya kuvuka. Salamu zikawa fupi. Mama akisikia nyundo mahali, anasimama na mwiko mkononi, anasikiliza ni kwa nani. Hata mtu akicheka, watu waliulizana amepata nini.

Macho yalimwangukia Tshibangu, fundi wa umeme, baba wa rafiki yangu Ngalula. Nyaya alizijua. Tena asili yao ilikuwa Kasai, mkoa mwingine, na mjini Likasi watu wa Kasai walikuwa wanafukuzwa majumbani, wanalala kituoni wakingoja treni ya kuwarudisha Kasai, na wengine walifia njiani. Kisiwani tu ndiko hawakuguswa. Wakitolewa hapo, hawana pengine.

Basi Mama Godé, mke wa Mulenga, akamwona Mama Kapinga, mke wa Tshibangu, anazamisha gunia zito chini ya ngazi ya nyumba ya mwisho, huku anageuka-geuka kutazama nyuma. Kisiwa kizima kikakimbilia majini.

“Weye Mama Kapinga, mukuba ya bantu iko humu?” Mulenga aliuliza.

“Vuta, Baba Mulenga. Kama ni mukuba, upike, miye nitakula.”

Wakavuta. Gunia likafunguka: mawe ya kulizamisha, na mihogo iliyolowekwa, imelainika, inanuka. Sisi tulizoea bukari, ugali wa unga wa mahindi wa kampuni, muhogo tuliucheka. Unga ulikuwa umekwisha nyumba zote, lakini nani angesema? Mama Kapinga alitangulia kuloweka, akaficha kwa aibu.

Nilidhani wataomba msamaha. Mama Godé akashika kiuno.

“Mukuba wameisha kuitoa humu. Muntu anaficha mihogo, atashindwa kuficha nini?”

Watu wakaitika. Kesho yake Mulenga akawaambia akina Tshibangu waondoke. Baba alivuta kivuko, Tshibangu naye amekaa juu ya godoro lililofungwa kamba. Ngalula alibeba sufuria kichwani, hakunitazama. Tulisikia walifika kituoni Likasi na kupanda treni.

Nyaya ziliendelea kutoweka. Na kabla mvua hazijakwisha, kila ngazi ilikuwa na gunia lake la mihogo majini, mchana kweupe, la Mama Godé likiwa kubwa kuliko yote. Jina la Mama Kapinga hakuna aliyelitamka.

Sasa nina wajukuu. Kisiwa kimepakwa rangi upya, wenye pesa wamenunua, na binti yangu Bijou anapika kule. Juzi alinipeleka nikaone. Kivuko siku hizi kina injini. Pale kizuizini mlinzi, mtu mpole kabisa, akaniambia, “Mama, fungula mufuko, ni sheria ya bote.” Mfukoni nilikuwa na kitenge na ndizi tu. Nikamwambia Bijou avuke peke yake.

Nilikaa upande huu mpaka aliporudi, nikitaja nyumba kwa nyumba waliokaa kule. Sikumsahau hata mmoja. Wengi nimewazika, wengine najua wako Kapolowe, wako Lubumbashi. Nilipofika kwa Ngalula nikanyamaza, kwa sababu ile treni mpaka leo sijui iliwashusha wapi, wala kama iliwashusha.